Nimenyamaza mbele za Mungu, wenzangu wanasema nimepoa

BARUA

Shikamoo Mama, na Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kimara, Dar es Salaam. Nina miaka 41, mume na watoto watatu. Wa mwisho ana miaka minne. Tunasali KKKT, kanisa letu la Kilutheri. Kwa miaka tisa nimeongoza kikundi cha maombi cha akina mama mtaani kwetu. Palipokuwa na mgonjwa au ndoa inayoyumba, mimi ndiye niliyekuwa naitwa, naomba mpaka sauti inakauka. Wenzangu walizoea kusema nikishika maombi hakuna haja ya spika.

Mwezi wa pili mwaka huu mama yangu alifariki, nyumbani Machame, Kilimanjaro. Alikuwa ameugua figo muda mrefu. Usiku wake wa mwisho mimi nilikuwa kwenye mkesha wa Ijumaa, tunamwombea yeye na wagonjwa wengine, kinanda kinapigwa, watu wanalia na kupaza sauti. Mama alinipigia simu mara tatu, sikuzisikia, simu ilikuwa ndani ya mkoba. Niliziona mkesha ulipokwisha. Nikasema nitampigia nikifika nyumbani penye utulivu. Kaka akaniwahi.

Tangu mazishi siwezi tena kupaza sauti. Kikundini nikifungua mdomo maneno yanatoka, lakini najisikia kama nasoma tangazo la shule. Wiki kama tatu baada ya kurudi kutoka Machame, usingizi ulinigomea. Saa kumi na nusu alfajiri nikaenda jikoni nisiwaamshe watu, nikapindua ndoo, nikakaa. Nilikusudia kuomba. Sikusema neno. Nilikaa hivyo mpaka adhana ya msikiti wa jirani, na nilipoinuka kifua kilikuwa chepesi. Kesho yake nikarudi. Sasa ni karibu miezi mitatu, kila alfajiri, na adhana ndiyo saa yangu ya kumalizia.

Kuna siku nakaa pale nahisi kabisa kwamba sipo peke yangu, na sitamani kusema chochote. Lakini siku nyingi ni fujo tupu kichwani. Marejesho ya VICOBA, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, sura ya mwalimu mkuu, maneno ambayo wifi yangu alisema msibani. Halafu zile simu. Siku nyingine nalia tu na kufuta uso kwa khanga.

Kikundini niliomba nipumzike kuongoza, sikueleza sababu. Sasa wanasema nimepoa. Mmoja wao, dada ninayemheshimu, alinifungulia Mathayo 12, pale pepo anaporudi na kukuta nyumba tupu imefagiwa, akaenda kuchukua wenzake saba. Akasema kukaa kimya bila kutamka maombi ni kuacha mlango wazi, na kwamba hayo ni mambo ya yoga na dini za mashariki. Tangu siku hiyo nikikaa pale naanza kuogopa.

Mume wangu ni mtu mwema, si mtu wa maneno. Zamani tuliomba pamoja kabla ya kulala, mimi naongoza. Siku hizi namwambia omba wewe, au najifanya nimeshalala. Mwezi uliopita aliamka alfajiri, akaja akasimama mlangoni pa jikoni. Nilimsikia, sikugeuka. Akasimama kitambo, akarudi kulala. Hatujaliongelea.

Na nyumba yenyewe haina pa kujificha. Vyumba viwili na sebule, mbele ya nyumba kuna baa inayopiga muziki hadi saa saba usiku, na huyu mdogo ana tabia ya kuamka mapema kunitafuta. Juzi alikuja kunivuta khanga nikiwa nimekaa kimya, nikamfokea mpaka akalia. Niliona aibu. Nimetoka mbele za Mungu, nimeingia moja kwa moja kwenye kumfokea mtoto.

Naomba uniambie ukweli, Mama. Kunyamaza ni maombi, au nimepoa na najifariji? Nijilazimishe kurudi kwenye maombi ya sauti? Na kama si kosa, nifanyeje katika nyumba kama hii?

Mwalimu wa Kimara

JIBU

Marahaba mwanangu. Amina, na asifiwe. Pole sana kwa msiba. Miezi minne ni juzi tu, na watu wakishaondoa maturubai wanadhani msiba umekwisha.

Umeniomba ukweli. Mimi naona hujapoa. Lakini katika barua yako kuna kimya cha aina mbili, na umeviandika kama vile ni kimoja. Nitafika huko. Kwanza nikupeleke kwa mwanamke mmoja unayemfahamu.

Fungua 1 Samweli sura ya 1. Hana yuko Shilo, nyumbani mwa Bwana, ana uchungu ambao hata chakula hakipiti. Anaomba moyoni. Midomo inacheza, sauti haisikiki. Eli kuhani ameketi karibu na mwimo wa mlango anamtazama, na uamuzi wake ni kwamba huyu mama amelewa. Angalia hapo, mwanangu. Aliyemhukumu hakuwa mpita njia. Alikuwa kuhani mwenye uzoefu, aliyeona watu wengi wakiomba, na bado alikosea, kwa sababu alizoea maombi yenye sauti. Kwa hiyo dada aliyekufungulia Mathayo usimwekee kinyongo. Yuko kwenye kiti cha Eli, anakulinda kwa jinsi anavyojua.

Tuliangalie hilo andiko lake, kwa maana limekutia hofu na halistahili kuachwa likining'inia. Ile nyumba ilifagiwa, ikapambwa, ikabaki haina mwenyewe. Hilo ndilo lililomkaribisha pepo na wenzake saba. Haikuingiliwa kwa sababu ilikuwa kimya. Nyumba inaweza kuwa na muziki usiku kucha na bado ikawa haina mwenyewe. Wewe unapokaa jikoni hukai ili kichwa kiwe tupu. Unakaa kwa sababu kuna Mtu umemjia, hata kama siku hiyo huna la kumwambia. Wapo watu wa imani nyingine wanaonyamaza kwa makusudi yao, nami sina haja ya kuwasema. Swali la Mkristo ni moja tu: nimenyamaza mbele za nani? Kama unaogopa, ukishakaa taja jina la Yesu mara moja, taratibu, kama unavyomwita mtu aliye chumba hicho hicho. Kisha nyamaza.

Na wakikwambia hili si jambo letu Walutheri, waambie habari ya kinyozi. Martin Luther alikuwa na kinyozi aitwaye Peter, ambaye alimwuliza mtu wa kawaida aombe vipi. Luther akamjibu kwa maandishi mwaka 1535. Akamfundisha kuomba kwa kufuata Sala ya Bwana na Amri Kumi, kipande kwa kipande, maneno mengi tu. Lakini akamwambia pia kwamba ikitokea katikati ya maombi Roho Mtakatifu anaanza kuhubiri moyoni mwako, acha hizo sala nyingine, nyamaza, umsikilize, kwa kuwa neno moja la mahubiri yake ni bora kuliko maombi yetu elfu. Huyo ni Luther, ambaye hakuna anayeweza kumshtaki kwa uvivu wa maneno.

Tena ukienda nyuma zaidi, jambo hili lina mizizi barani kwetu. Katika karne ya 3 na ya 4 Wakristo wa Misri walitoka mijini wakaenda jangwani kukaa mbele za Mungu. Antonio alikaa karibu miaka ishirini ndani ya ngome iliyoachwa. Mwingine alikuwa Musa, Mwethiopia, mtu aliyewahi kuwa mnyang'anyi kabla ya kuokoka. Kuna mtu alimwendea akitaka neno la mafundisho, naye akamjibu kwamba nenda kakae chumbani mwako, na chumba chako kitakufundisha yote. Nimelitafakari neno hilo miaka mingi. Hakumwahidi kwamba chumba kitampa raha.

Nami nilijifunza hilo kwa shida. Mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu, rafiki yangu Mkatoliki alinichukua tukafanye mafungo ya siku tatu kwa masista Wabenediktini, kusini mwa nchi. Wabenediktini wako Peramiho tangu mwaka 1898, na kanuni wanayoishi kwayo iliandikwa katika karne ya 6. Neno lake la kwanza kabisa ni "Sikiliza". Mimi nilikwenda na daftari kubwa, nimeshapanga mambo ya kumwomba Mungu. Jioni ya kwanza tukaingia kula, na hakuna anayeongea. Unasikia vijiko kwenye sahani. Nilidhani nitapasuka. Nikaanza kutafuta chumvi kwa macho, maana kuuliza siwezi, na kabla sijaiona, sista mmoja mzee aliyekaa upande wa pili wa meza alishaisogeza mpaka mkononi mwangu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo kwa maji, na kwa kitambaa. Siku ya pili ndipo nilipoelewa. Kwa kuwa hawaongei, wanatazamana. Kimya chao kilikuwa kimewafungua macho wamwone aliyekaa jirani. Nakuomba ukitunze kisa hiki cha chumvi, nitakirudia.

Siku ya pili hiyo hiyo, daftari likiwa limefungwa, yakaja mengine. Nilijikuta nimemkasirikia marehemu. Aliniachia deni ambalo hakuwahi kunitajia, nami kwa mwaka mzima nilikuwa nawaambia watu namshukuru Mungu kwa kila jambo. Nilikuwa na shughuli nyingi za kanisa mwaka ule. Nyingi mno. Sasa naona zilikuwa zinanisaidia nisisikie. Kelele zikizimwa, hasira haikuingia kutoka nje; ilikuwepo, ilikuwa imekaa sebuleni inaningoja nitulie. Kwa hiyo unaponiambia alfajiri yako imejaa marejesho ya VICOBA na maneno ya wifi, sioni kwamba umeshindwa. Hayo ndiyo yaliyomo nyumbani. Ungependa Mungu akutane na nani pale jikoni, kama si wewe mwenye hayo?

Usipigane nayo. Likija la mwalimu mkuu, litambue, mwambie Bwana kwa neno moja, "Hili nalo," kisha rudi. Litarudi mara ishirini, nawe rudi mara ishirini. Hayo marejeo ndiyo kazi yenyewe.

Sasa nije kwenye vile vimya viwili.

Cha kwanza ni kile cha kwenye ndoo. Hicho kitunze. Cha pili ni kile ulichowafanyia watu. Uliacha kuongoza kikundi bila kueleza sababu. Unajifanya umelala mume asikuombe muombe. Alikuja mpaka mlangoni, ukamsikia, hukugeuka. Barua yako ina watu wengi waliokukosea kidogo, lakini sijaona mahali popote ulipomwambia mtu mmoja kinachokuuma. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Upweke ni neno la uchungu. Mtu mpweke ni wa kuhurumiwa. Yesu hakuwaita wanafunzi kwenye upweke. Marko 6:31 inasema: "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Faragha. Faragha unaingia na kutoka, na waliobaki nje wanajua uko wapi na utarudi saa ngapi. Wewe alfajiri unaingia faragha, halafu mchana na usiku unaishi upweke, na mumeo na kikundi chako wanaona upweke tu. Wanajua methali, kimya kingi kina mshindo mkuu, basi wamekaa wanangoja mshindo.

Rudi kwa Hana. Eli alipomkosea hakukasirika akaondoka, wala hakuendelea kunyamaza ili kuthibitisha kwamba kimya chake ni kitakatifu. Alifungua mdomo akasema: mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni mwangu. Sikulewa, nimeimimina roho yangu mbele za Bwana. Akamwambia kuhani ukweli wa hali yake kwa sentensi mbili. Na Eli akabadilika pale pale, akambariki, akamwambia aende kwa amani. Nenda kwa yule dada wa Mathayo 12, peke yenu, mwambie sentensi hiyo ya Hana. Usimpe somo juu ya Luther na jangwa la Misri, hayo nimekuandikia wewe. Mwambie tu una huzuni na hujamwacha Bwana.

Kisha zile simu tatu.

Umezitaja mara mbili, kila mara kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Nadhani ndizo zilizokuchukulia sauti. Ulikuwa unampigia Mungu kelele kwa ajili ya mama, na mama mwenyewe anapiga simu haisikiki kwa kelele zile. Ni nani asingenyamaza baada ya hapo? Naogopa kwamba sehemu fulani ya moyo wako imeamua kutopaza sauti tena kama adhabu. Kama ni hivyo, lete hilo mbele za Bwana kama lilivyo, uliseme. Kutosikia simu ndani ya mkoba si kumkataa mama yako. Mgonjwa wa muda mrefu hupiga simu usiku kwa mengi, na alijua wewe ni binti wa aina gani. Alikuwa na miaka 41 ya kukujua. Mimi siwezi kukwambia alitaka kusema nini. Lakini hatia hii hukuitenda, nawe umeibeba miezi minne bila mtu kukushika mkono. Hili hutalimaliza ukiwa kwenye ndoo peke yako. Kuna mambo Mungu anayaponya faraghani, na kuna mengine anatumia sikio la mtu mwenye mwili. Mchungaji wako akusikilize, naye akutamkie maneno ya faraja kwa kinywa chake. Sisi Walutheri tunayo maungamo ya faragha kwa mchungaji, yamo hata katika Katekisimu Ndogo, ingawa wengi tumeyaacha yalale.

Usingizi nao. Baa inazima muziki saa saba, wewe unaamka saa kumi na nusu, ukitoka hapo unakwenda kusimama mbele ya darasa zima. Eliya alipokimbia jangwani na kuomba afe, jambo la kwanza alilofanyiwa ni kulazwa na kulishwa, mara mbili, kabla hajaulizwa lolote. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, kule Horebu, na kumbuka ilimwuliza anafanya nini huko, kisha ikamrudisha kazini na kumpa mwenzake, Elisha. Kwa hiyo nakupunguzia. Acha kukaa mpaka adhana. Kaa dakika kumi. Amka saa kumi na moja kasoro dakika kumi, sio kumi na nusu, na hizo dakika ishirini ulale. Ukiona usingizi unakataa usiku hata usiku, chakula hakina ladha kwa wiki nyingi, au unapata mawazo kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, usingoje alfajiri nyingine. Nenda kituo cha afya, uwaambie wazi. Huzuni inaweza kugeuka ugonjwa, na ugonjwa una matibabu. Hilo si upungufu wa imani.

Hizo dakika kumi zitumie hivi. Simu ibaki chumbani. Kaa mgongo ukiwa umenyooka, miguu yote chini. Anza na sentensi moja ya sauti ya chini, ili hofu iondoke na ujue uko kwa nani. Mimi natumia ile ya Samweli: "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Unajua nani alimfundisha Samweli kuisema? Eli. Yule yule aliyekidhania kimya cha Hana, mama yake Samweli, kuwa ulevi, miaka baadaye ndiye aliyemfundisha mwana wa Hana namna ya kusikiliza. Ndiyo maana nakwambia usimkatie tamaa dada yako. Baada ya hapo nyamaza. Mawazo yakikubeba, rudi kwa sentensi hiyo. Dakika zikiisha, sali Baba Yetu polepole, inuka.

Mtoto akija kabla hazijaisha, zimeisha. Wanafunzi walipoitwa ile faragha ya Marko 6, walifika wakakuta umati umewatangulia, na Yesu hakuwafukuza, aliwahurumia. Mchukue huyo mdogo umpakate. Zaburi ya 131 inasema nafsi iliyotulia ni kama mtoto aliyeachishwa kunyonya, amekaa tu kwa mama yake. Hatafuti maziwa tena, anataka awepo. Ukimpakata hivyo kimya dakika tano, usihesabu kwamba umekatizwa. Na ile siku uliyomfokea, mwombe radhi. Miaka minne anaelewa.

Maombi ya sauti usijilazimishe, wala usiape kuyaacha. Miaka tisa uliyowaombea watu haikuwa kelele bure. Nenda kikundini, kaa nyuma, wengine wakubebe kwa zamu yao. Sauti ikirudi, itarudi. Na likizo ya shule ukiweza kwenda nyumbani, pale Moshi tunao masista wetu wa Kilutheri, Ushirika wa Neema. Waulize kama wanaweza kukupokea hata kwa siku moja, kisha ndipo upande Machame kwenye kaburi. Mwambie mama hapo hapo kwamba uliziona simu.

Lakini kabla ya safari yoyote, mumeo. Nilikuomba utunze kisa cha chumvi. Yule bwana si mtu wa maneno, umesema mwenyewe, na aliamka usiku akaja akasimama mlangoni. Mtu asiye wa maneno akisimama mlangoni kitambo, hajaja kukukagua. Sijui alitaka nini, muulize. Inawezekana naye amefiwa na mkwe aliyempenda na hajui pa kulipeleka. Mweleze habari ya simu tatu, usiku, taa ikiwa imezimwa kama ni rahisi zaidi hivyo. Halafu alfajiri moja, kabla ya kukaa, pindua ndoo ya pili, uiweke karibu na yako, uache mlango wazi.